Chungu kisichozunguka

Wadau, mnamfahamu Magdalene Odundo? Mzaliwa wa Nairobi, 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea mambo ya matangazo, udongo ukamnasa huko huko.

Mwaka 1974, bado mwanafunzi, akaenda Abuja, Nigeria (mji ule sasa ni Suleja), kwenye karakana aliyoianzisha Mwingereza Michael Cardew. Magurudumu yalikuwepo. Kilichomteka ni akina mama waliofinyanga bila gurudumu, wakikizunguka chungu badala ya chungu kuwazungukia wao. Ladi Kwali, yule wa kwenye noti ya naira 20, aliyaweza yote mawili.

Odundo akachagua mkono. Ujasiri huo, jamani! Vyungu vyake viko British Museum. Hapa nyumbani nani ameshakiona kimoja?