Mama mchungaji na siri za wakimbizi

Hapa Kalemie mke wa mchungaji anaitwa mama na wote: Waluba, Watwa, wenyeji na waliokimbia vita.

Mimi naona imani yake haipimwi kwa kiti cha mbele kanisani. Inapimwa kwa kopo la unga: ndugu yake na mgeni wanapata sawasawa? Inapimwa pia kwa ulimi. Mwanamke aliyebakwa njiani akikuambia, mama, mtunzie siri, umsindikize hospitali mbele ya masaa 72 kupita. Siri ikifika kisimani, mwingine atanyamaza na kuumia peke yake. 1 Timotheo 3:11 inawakataza wanawake usengenyaji.

Nasi waamini tumsaidie. Mjane wa 2 Wafalme 4, mke wa mtumishi wa Mungu, aliachiwa deni. Vyombo aliazima kwa majirani.