Pembe Si Mali ya Mganga Peke Yake!

Msomaji wangu, kama unakaa Mwanza huna haja ya kalenda kujua kwamba leo ni Jumamosi. Matarumbeta yatakwambia. Pikapu ya wapulizaji mbele, gari la maharusi nyuma, honi juu ya honi, na mji mzima unajua kwamba binti wa fulani kaolewa. Sasa muulize mtoto wa shule: tarumbeta lilitoka wapi? Mimi niliuliza, darasa zima. Wa kwanza alisema dukani. Wa pili, Ulaya. Wa tatu akasema kwa Mhindi.

Habari yenyewe ni hii. Mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye sekondari siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi pande za Kisesa. Alikuwa anajiandaa kuwapeleka watoto wa darasa la tano kwenye Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, akaniomba nije kwanza niwape stori za vyombo vya zamani vya kupuliza. Elimu yangu kidato cha nne, hilo silifichi. Lakini kwa kupuliza, waulize wanakwaya wa kwetu.

Nikaingia darasani na mfuko. Nilipotoa pembe ya ng'ombe, kasheshe! Dawati la mbele lilirudi nyuma lenyewe. Binti mmoja akaficha mikono mgongoni, akasema, "Kaka, mama kasema pembe ni za waganga."

Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Kanda hii ya Ziwa imeumizwa na mambo hayo. Bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama. Mtoto aliyekulia hapa akiogopa pembe ana sababu zake. Ila uoga huo una bei: pembe ikishaachiwa mganga peke yake, historia yake yote inaondoka nayo.

Basi nikaanza na bucha. Niliwaeleza pembe niliipata machinjioni, nikaichemsha mpaka mfupa wa ndani ukachomoka (harufu yake usiombe, jirani alihamisha jiko), kisha nikatoboa tundu. Na tundu halikai kwenye ncha kama tarumbeta la harusini. Pembe zetu nyingi za Afrika hutobolewa ubavuni, karibu na upande mwembamba, na mpulizaji anaishika kwa kulala. Unabana midomo inatetemeka kama pikipiki, pembe inaikuza ile sauti. Hakuna dawa humo. Kidume mmoja akauliza kwa nini sikuleta ya tandala, maana ndiyo ndefu. Nikamwambia ile ni nyara ya serikali, ukikutwa nayo bila kibali utaimba bila kupuliza.

Halafu nikauliza: nani ameona Bunge kwenye tivii? Mikono juu. Ile kitu inayobebwa begani mbele ya Spika inaitwaje? "Siwaaa!" Hapo ndipo nilipowapata. Neno siwa, kabla ya kuwa la Bunge, ni jina la baragumu kubwa la watawala wa pwani. Lamu zimehifadhiwa mbili maarufu za karne nyingi: ya Lamu yenyewe ni ya shaba, na ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, ndefu kupita mita 2. Siwa ilipolia, watu walijua utawala unasema. Hata kwenye Kiswahili cha kila siku tunasema mgeni wa heshima, au tangazo, limepigiwa mbiu, na mbiu ni pembe. Nikamtazama yule binti. Alikuwa ametoa mkono mmoja.

Ng'ambo ya ziwa letu hili hili, kwa Kabaka wa Buganda, walikuwepo wapuliza makondere, matarumbeta ya vibuyu. Kila mmoja ana sauti yake moja tu, kwa hiyo wimbo mmoja unagawanywa kwa watu kadhaa, na ukisinzia umeuharibu. Mei 24, 1966 majeshi ya Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalivamia ikulu ya Kabaka. Wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Ufalme ulifutwa mwaka 1967, ukarudishwa 1993. Miaka 26 ni mingi kwa muziki usioandikwa. Bahati Hugh Tracey alikuwa amepita na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950 na 1952.

Mambo ya mbali niliyapitia mbio. Filimbi ya mfupa wa tai iliyopatikana Ujerumani mwaka 2008, yenye umri wa zaidi ya miaka 35,000. Tarumbeta mbili za Farao Tutankhamun, zilizolala kaburini miaka zaidi ya 3,000 na kupulizwa redioni BBC mwaka 1939. Watoto walishangaa kwa adabu, kisha wakauliza kama mapumziko yamefika.

Nikawatoa nje. Hapo ndipo palikuwa bomba. Bua la jani la mpapai ukilichana kidogo karibu na ncha linalia kama bata. Wengine walikimbilia mafunjo niliyoyatoa ufukweni, wakakata na kupuliza mpaka mashavu yakauma, kimya! Ndani ya funjo kumejaa kama sponji. Tete lina uwazi. Acha pingili iwe kitako, puliza juu ya mdomo wake kama chupa ya soda, na fupi litatoa sauti nyembamba kuliko refu. Funga matete kadhaa pamoja kwa mpangilio na umepata enkwanzi, filimbi za Wasoga wa kule Jinja. Yule binti alitengeneza ya matete manne. Pembe hakuigusa, nami sikumlazimisha.

Bujora tulikwenda wiki iliyofuata. Nisikudanganye, mbele ya ngoma za watemi hakuna aliyekumbuka pembe.

Jumatatu mama yake binti alitinga shuleni. Mwalimu akanipigia simu, nikapanda bodaboda. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia pembe bila kuishika. Akasema mtoto ajifunze, sawa, lakini kile kitu kisifike nyumbani kwake. Tukakubaliana. Pembe inalala kwenye kabati la walimu. Matete yameruhusiwa, na nasikia majirani zake hawalali.