Ratiba ya Historia ya Mdogo Wangu

Jamani, leo naomba niweke siasa kando niwasimulie ya nyumbani.

Mdogo wangu aliachishwa shule mwaka 2020 akiwa kidato cha tatu. Mimba. Mimi wakati huo nilikuwa Mlimani nasoma historia, naandika insha ndefu kuhusu ukombozi wa wanyonge. Mzee alinyamaza, nami nikanyamaza.

Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Mdogo wangu akakataa. "Kaka, niende nikachekwe? Nitasomea nyumbani." Angefanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ule wa kidato cha pili alishaufaulu, kwa hiyo QT haikumhusu. Historia ikawa jukumu langu.

Tatizo la kwanza: mimi nimepanga Kibaha, Maili Moja, yeye yuko kwa bibi Kisarawe. Kwenye ramani ni majirani, lakini kwa daladala nilikuwa nazunguka Mbezi halafu Gongo la Mboto, nusu ya Jumapili inaishia njiani. Kumfundisha kila siku haikuwezekana. Tulihitaji mpango ambao angeufuata mwenyewe.

Njia zilikuwa tatu. Tuisheni ya jioni, lakini mtoto angebaki na nani? Kukariri majibu ya mitihani iliyopita, njia ya mkato ambayo swali likigeuzwa kidogo tu umekwama. Au kufuata muhtasari wote, mada kwa mada, tangu kidato cha kwanza. Nikachagua hii ya mwisho bila kumuuliza. Jumamosi mbili nzima nilikaa maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha nikichora jedwali la wiki 40, kwa rangi tatu. Nililipenda mno lile jedwali.

Miezi miwili baadaye alikuwa bado kwenye zana za mawe. Nikafoka. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanieleza siku yake: alfajiri anakaanga maandazi, mchana anauza, jioni mtoto na kazi za nyumbani. Muda wake ni saa tatu usiku mtoto akishalala, mpaka usingizi umzidi.

"Kaka, hii ratiba umempangia nani?"

Ukweli ni kwamba nilijipangia mimi, yule wa Mlimani mwenye boom na kitanda hosteli.

Tukaanza upya, safari hii kalamu ameshika yeye. Kwanza tulihesabu saa: nne tu kwa wiki. Mada za kidato cha kwanza na cha pili alishazisoma darasani, hizo zikawa za kurudia mwishoni. Tukaanzia ukoloni. Na kila mada ikaanzia mahali anapopajua.

Uchumi wa kikoloni? Pamba. Wajerumani walianza mashamba ya pamba ya lazima mwaka 1902 hapa hapa Uzaramo, na mwaka 1905 Majimaji ikalipuka. Kibasila, ambaye yeye alimjua kama jina la shule ya Dar tu, alikuwa jumbe wa Kizaramo. Harakati za uhuru? Pugu, hapo jirani, ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha historia mpaka mwaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Siasa baada ya uhuru? Bibi yupo! Alihamishiwa kijiji cha ujamaa miaka ya 1970, na mpaka leo anaitaja mikorosho aliyoiacha.

Ila tusidanganyane, mtihani ni wa Kiingereza na bibi si msahihishaji. Kwa hiyo Jumatatu alisoma. Jumanne alimsimulia bibi kwa Kiswahili, maana usipoweza kumweleza bibi hujaelewa. Jumatano aliandika hoja kwa Kiingereza. Alhamisi alijibu swali moja la mtihani uliopita bila kufungua kitabu, akalipiga picha na kunitumia. Nilisahihisha nikiwa kwenye daladala, natoka chumba cha habari.

Alifanya mtihani Novemba 2023. Historia akapata C. Hisabati F, wala sishangai, hakuna aliyekaa naye. Kuna waliosema C ni ndogo. Mimi naijua hiyo C imetoka saa ngapi za usiku.

Basi ndugu yangu, kama una mdogo wako anasomea nyumbani, kabla ya kununua vitabu na kuchora majedwali muulize kwanza: una saa ngapi? Tayari unajua nini? Ratiba inayoanza na majibu hayo inaweza kuwa mbaya kwa macho, lakini itafuatwa.

Limebaki moja ambalo halimo kwenye jedwali lolote. Jumapili iliyopita nilimwomba radhi kwa kunyamaza kwangu mwaka ule wa 2020. Akaendelea kukanda unga, halafu akasema, "Wewe si mwandishi? Andika."

Ndiyo nimeandika.