Feni, Kanda na Pumzi ya Bibi

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kutika. Hata hivyo, tarakilishi iliyokuwa katika chumba cha mwanafunzi mmoja wa uzamili jijini Nairobi haikuwa debe tupu. Ndani yake mlihifadhiwa saa kumi na nne za masimulizi ya bibi yake mzaa mama, mzaliwa wa Mombasa. Pamoja na shehena hiyo yote, ilitika mchana na usiku.

Masimulizi hayo yalinaswa na mjomba wake mwaka 1993 kwa kinasasauti cha kanda. Bibi alifariki miaka kadhaa baadaye, na kanda zikakaa katika bati la biskuti hadi mjukuu alipozihitaji kwa tasnifu yake ya fasihi simulizi. Aliinunua tarakilishi hiyo kuukuu kwa sababu mbili. Kwanza, bei yake ilikuwa ya mwanafunzi. Pili, nyuma yake palikuwa na kitundu cha buluu cha kupokea sauti kutoka katika chombo kingine, kitundu ambacho ni nadra kukipata katika tarakilishi za kupakata. Kwa waya mmoja aliihamisha sauti ya Bibi kutoka kwenye kanda hadi kwenye mashine. Uvumi wa mashine haukuweza kuingia katika rekodi, maadamu sauti ilipita wayani. Uliingia masikioni mwa msikilizaji, na huko ndiko kulikokuwa na matatizo.

Matatizo hayo yalijitokeza katika sentensi moja. Katika hadithi ya nne, mwanamume aliyefukuzwa na jamaa zake anahamia msituni. Siku ya tatu anabisha mlangoni kwa mamaye. Mama anamuuliza kilichomrudisha, naye anajibu: "Msitu huo hauna paa."

Msomaji wa ukurasa huu bila shaka ameuona utata uliopo. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, na paa ni mnyama wa mbuga. Maandishi sanifu hayawatenganishi, na sentensi yenyewe haina upatanisho wa kisarufi wa kumwokoa msikilizaji. Lakini katika kinywa cha mzawa wa Mvita maneno haya ni mawili. Paa wa mbuga hutamkwa kwa mpumuo, kwa kuwa neno hilo ni la ngeli ya 9, ambamo nazali ya zamani ilidondoka mbele ya kipasuo sighuna na kuacha pumzi mahali pake. Paa la nyumba halina pumzi hiyo. Tofauti ni ile ile iliyopo baina ya kaa wa pwani na kaa la moto.

Mwanafunzi alikuwa ameamua, bila kusitasita, kwamba Bibi alimkusudia mnyama. Mwana alirudi kwa sababu ya njaa. Juu ya uamuzi huo alijenga sura nzima ya tasnifu kuhusu njaa kama nguvu inayomrejesha binadamu katika jamii. Msimamizi wake aliisoma sura hiyo, akaweka kalamu chini na kuuliza swali moja tu.

"Una hakika ulisikia mpumuo?"

"Nadhani niliusikia, Mwalimu."

"Binti yangu, tasnifu haiandikwi kwa nadhani. Rudi ukasikilize."

Alirudi akasikiliza. Kila alipoongeza sauti katika vipokeasauti vyake vya bei rahisi, mchakacho wa kanda nao uliongezeka, na nyuma ya yote feni ilinguruma. Mpumuo ni hewa inayotoka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Uvumi wa feni nao ni hewa. Hewa moja iliimeza nyingine. Alipiga simu nyumbani. Mjomba alishikilia kwamba Bibi alisema mnyama. Mama yake alicheka akasema, "Mwanangu, Bibi yako hakuisimulia hadithi hiyo mara mbili kwa namna moja." Basi shahidi akabaki mmoja tu, nao ni ukanda.

Hapo ndipo alipoanza kuichunguza mashine kama alivyozoea kuichunguza matini. Alikunja karatasi ngumu ikawa mrija, akaweka ncha moja sikioni na kuisogeza nyingine huku na huko mbele ya kasha lililo wazi, bila kugusa kitu. Feni ya kisanduku cha umeme ilivuma kwa upole. Ile ya kasha ilivuma kwa upole pia. Iliyonguruma ni ndogo iliyokalia prosesa. Programu ya msingi ya mashine ilionyesha kwamba ilikuwa ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, na joto la prosesa limekaribia nyuzi 70 za Selsiasi hata pasipokuwa na kazi kubwa.

Prosesa hiyo ilikuwa Core 2 Duo ya Intel, aina iliyotoka mwaka 2006, nayo hutumia umeme usiozidi wati 65. Huo si moto wa kuhitaji kelele kiasi hicho. Alipokifungua kipoza-joto alikuta vumbi limeshonana kama sufi katikati ya mapezi ya alumini, na krimu ya kupitisha joto imekauka ikawa chokaa. Feni haikuwa na hatia yote: ilikuwa ikikimbia kwa kuwa joto halikuwa na njia ya kutoka. Alipiga brashi, akapangusa krimu kuukuu kwa spiriti na kuweka mpya. Kasi ilishuka hadi mizunguko 2,100. Hata hivyo beringi ilikuwa imelika, na badala ya kunguruma ikaanza kukereza. Kipoza kipya kikawa hakina budi.

Kijana wa duka moja katika Barabara ya Luthuli alimpokea kwa bashasha. "Dada, chukua hiki," akasema, akiinua mnara wa mabomba ya shaba wenye feni ya milimita 120 inayowaka taa za rangi saba.

Ukubwa wenyewe haukuwa kosa. Feni pana husukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache, na feni inayopunguziwa kasi kwa nusu hupunguza kelele kwa takriban desibeli 15. Lakini mwanafunzi alikuwa amekuja na rula na daftari. Kutoka kwenye uso wa prosesa hadi ubavu wa kasha palikuwa na sentimita 13 na nusu, na mnara ule ulikuwa na sentimita 16. Kasha lisingefungika.

"Basi chukua cha maji," kijana akapendekeza.

"Cha maji kina pampu, kaka, na bado kina feni zake. Nitakuwa nimenunua kelele mbili kwa bei ya tatu."

"Kisicho na feni je?"

Hicho kilimvutia kwa muda. Lakini kipoza kisicho na feni huhitaji mapezi makubwa na kasha lenye mtiririko mzuri wa hewa, na kasha lake lilikuwa finyu. Isitoshe, Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi huchukua joto kidogo, ijapokuwa ubaridi wa jiji hufidia sehemu ya upungufu huo.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa matundu. Soketi ya LGA775, iliyoanza mwaka 2004, ina matundu manne ya kushikilia kipoza yaliyoachana kwa milimita 72. Soketi iliyoirithi mwaka 2009 iliyaachanisha kwa milimita 75. Tofauti ya milimita tatu yaonekana ndogo, lakini kipoza cha moja hakiingii katika nyingine pasipo kishikizo chake maalumu. Vitatu alivyovitamani vilikataliwa na kipimo hicho.

Mwishowe, katika sanduku la vifaa vilivyotumika, kilipatikana kipoza cha wastani: mabomba matatu ya shaba, feni ya milimita 92, kimo kisichofika sentimita 13, na vishikizo vya soketi zote mbili. Waya zake za feni zilikuwa nne. Wa nne ndio upelekao amri ya kasi, ili feni ikimbie penye joto na itulie penye ubaridi. Aliizungusha kwa kidole na kuisogeza sikioni. Haikukereza. Alilipa shilingi 1,800.

Usiku huo alitia krimu kiasi cha punje ya mchele na kuvibana vishikizo kwa kukingamana, pembe hii kisha ile inayoielekea, ili kipoza kisiegemee upande mmoja. Alipoiwasha, mizunguko ilitulia kwenye 1,100 na joto likashuka hadi nyuzi 48. Sasa aliweza kuisikia feni ya kisanduku cha umeme, ambayo hapo awali ilijificha nyuma ya kelele ya mwenzake. Aliiona ni jirani wa kuvumilika.

Hakuikimbilia hadithi ya nne. Alianza na maneno ambayo utamshi wake haubishaniwi. Katika ukanda ule ule Bibi alisema "kuku", na pumzi ikasikika. Alisema "pembe", na pumzi ikasikika tena, nyepesi lakini dhahiri, juu ya mchakacho. Ukanda ulikuwa na uwezo wa kuihifadhi pumzi. Iwapo pengine haitasikika, basi haikutamkwa.

Ndipo akamsikiliza mwana aliyebisha mlangoni. "Msitu huo hauna paa." Alirudia mara kumi na moja. Midomo ilifunguka, irabu ikafuata papo hapo. Hapakuwa na pumzi.

Basi mwana hakurudi kwa sababu ya njaa. Alirudi kwa sababu msitu, pamoja na miti yake yote, hauwezi kumfunika mtu aliyekataliwa na watu wake. Na mama aliyemfungulia mlango hakumpa chakula tu, alimrudishia paa. Kurasa thelathini na mbili za sura ya njaa zilikuwa zimejengwa juu ya pumzi ambayo haikutoka kinywani mwa Bibi. Ilitoka ndani ya feni.

Alifungua faili mpya na kuandika kichwa cha sura upya. Mwenzake wa chumbani, aliyekuwa amezoea kulala kwa ngurumo ile, alizinduka usiku wa manane.

"Mbona umeizima mashine, na kazi hujamaliza?"

"Sijaizima," akajibu, akaendelea kuandika.