Nani Acheze Kamari: Mkulima au Mnunuzi?

Mtu akisikia kwamba mhadhiri asiyeonja pombe ametumia mapumziko ya mwisho wa juma katika bonde la mvinyo, ana haki ya kucheka. Hata mwenyeji wangu alicheka. Lakini mvinyo ni kilimo kabla haujawa kinywaji, na kilimo kinamhusu kila Mtanzania, mnywaji na asiye mnywaji.

Bonde hilo linaitwa Barossa, na liko mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Adelaide, Australia Kusini. Kabla ya walowezi, nchi hiyo ilikuwa ya Waperamangk, Wangadjuri na Wakaurna. Yeyote anayesifia uzuri wake hana budi kulikumbuka hilo. Mwaka 1842, Walutheri waliohama Prussia kwa sababu ya imani yao walianzisha hapo kijiji cha Bethany. Makanisa yao yangali yamesimama, na soseji zao za kukaushwa kwa moshi zingali zinauzwa. Tulilala katika mji mdogo wa Tanunda, na Jumamosi asubuhi tukapita kando ya mizabibu ya Shiraz ambayo yaaminika ilipandwa mwaka 1843. Mashina yake ni manene, yamejipinda na kupasukapasuka, mithili ya mikono ya bibi aliyelima maisha yake yote.

Ndugu msomaji, uzee peke yake haukuilinda mizabibu ya bonde lile. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zabibu zilizidi mahitaji ya soko. Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliwalipa wakulima ili waing'oe mizabibu yao, na mikongwe mingi ikang'olewa pamoja na michanga. Mti uliovumilia ukame wa zaidi ya karne moja ulishindwa na msimu mbaya wa bei.

Katika kipindi hicho alikuwapo Peter Lehmann, mtengenezaji mvinyo wa kampuni kubwa, aliyewaahidi wakulima kwa kupeana nao mikono tu kwamba zabibu zao zitanunuliwa. Wakubwa wake walipomwamuru aache kununua, yeye alishikilia ahadi. Mwaka 1979 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ili azinunue. Akaiita Masterson, jina la mcheza kamari katika hadithi za Damon Runyon, kwa maana alijua kwamba anabahatisha. Leo mvinyo wa mizabibu mikongwe ndio fahari ya Barossa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Dodoma yetu. Zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo Barossa haina. Lakini mkulima wa Dodoma hukopa, hupanda, husimika nguzo, hupiga dawa, kisha husubiri. Zabibu ikiiva haiwekwi ghalani kama mahindi kungoja bei ipande. Mnunuzi akichelewa siku chache tu, ndiye anayepanga bei, na mkulima anabaki kushukuru. Katika mchezo huu kamari yote inachezwa na mwenye jembe; mwenye kiwanda anaingia karata zikiwa zimekwisha kufunuliwa.

Najua nitaambiwa kwamba Lehmann alikuwa mtu mmoja, na taifa haliendeshwi kwa wema wa mtu mmoja. Nakubali, na ndiyo maana sidai wema. Nadai mkataba unaotiwa saini kabla ya mizabibu kupogolewa, wenye bei ya chini isiyoshushwa, na chombo ambacho mkulima anaweza kukiendea mnunuzi akiuvunja, bila kuuza ng'ombe ili amlipe wakili. Mwenye kiwanda akibeba sehemu ya hasara ya msimu mbaya, atakuwa na sababu ya kutafuta soko mapema.

Tumezoea kumhimiza mkulima aongeze uzalishaji. Kabla ya kumhimiza tena, tumwonyeshe kwanza jina la mtu aliyejifunga kisheria kununua atakachovuna.