Mama na mbabula

Kwetu Kadutu sala ilikuwa kazi ya mdomo. Siku ya shirika, ndivyo tunavyoziita Bukavu jumuiya ndogo za Wakristo wa mtaani, kila mtu alibeba kiti chake hadi nyumba iliyopangwa, na aliyesali kwa maneno mengi ndiye tuliyemhesabu mwenye imani. Nilikuwa hodari. Nilikimbiza Rozari hata mama mmoja akaniuliza kama kuna gari linaniacha.

Zamu ya Mama ilipofika, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Bwana, ndiyo sisi hawa.” Basi. Nilimwonea haya.

Tarehe 29 Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Jioni hiyo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekataa kuukimbia mji, aliuawa pale Nyawera. Nilikuwa na miaka 10. Usiku tulilala sakafuni, mbali na madirisha. Nilianza Salamu Maria, ulimi ukakauka. Nikaanza tena, ikagoma. Mama akaniwekea mkono mgongoni: “Wacha maneno. Vuta pumzi. Yeye yuko.” Yuko wapi, nilijiuliza kwa hasira, lakini sikuthubutu kumwambia.

Kulipokucha akawasha mbabula, jiko letu la makaa, ndani, karibu na mlango. Makala yalikuwa na unyevu. Alipuliza kidogo, akangoja, akageuza kipande kimoja kwa ncha ya kijiti, akapuliza tena. Majivu yalimtua kwenye nyusi, hakuyafuta.

“Mama, leo hatusali?”

“Nasali, mwanangu. Sogea, unanizibia upepo.”

Sikumwelewa kwa miaka mingi. Nilikua nikawa msomaji wa maombi ya waamini, mtu wa mikesha. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 nilikuwa kanisani, karatasi mkononi, tetemeko lilipoanza. Mabenchi yalicheza, tukasukumana nje. Uani mzee mmoja nisiyemjua alinishika kiganja, na hatukusemezana. Karatasi nilikuwa nimeiangusha. Kwa mara ya kwanza nilikaa mbele ya Mungu bila la kumwambia, wala sikulitafuta.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kusali kama Mama, japo vibaya. Kwenye foleni ya maji. Kwenye mteremko, ziwa linapochungulia kati ya mabati. Vyumba vya sala vya mtaani vinashindana kwa vipaza sauti usiku kucha. Siwacheki wanaosali humo, mimi mwenyewe nilikuwa kipaza sauti.

Mama alishatutoka. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, nililala tena sakafuni, wanangu pembeni, nikajikuta nakimbiza Rozari kama yule mtoto wa 1996, punje kwa punje, bila kupumua. Mdogo wao akanivuta shati: “Baba, polepole, sikusikii.”

Nikanyamaza. Kulipokucha nikaitafuta mbabula. Makala yalikuwa na unyevu.