Riruta Satellite: Miche kando ya barabara, akili unde mkononi

Je, msomaji, umewahi kufika Riruta Satellite? Ukitoka katikati ya Nairobi kwa matatu, fuata barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha uingie barabara ya Naivasha. Hapo kelele za makanga, moshi wa mahindi ya kuchoma na nyundo za mafundi wa vitanda vitakujulisha kwamba umefika upande wa jiji ambao haulali mapema. Kawangware iko jirani, na reli inayotoka Kibera kuelekea Kikuyu haiko mbali.

Eneo hili lina historia ndefu. Ni katika sehemu hizi za Dagoretti ambapo Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome yake mwaka wa 1890 baada ya kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, urafiki ambao haukudumu. Baadaye Riruta ilikuwa chini ya wilaya ya Kiambu, hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa katika miaka ya 1960 na mashamba ya familia yakajikuta ndani ya Nairobi. Ndiyo sababu hadi leo huwezi kushangaa kuona sukumawiki zikistawi nyuma ya jumba la ghorofa.

Udongo wake ni ule mwekundu, wenye rutuba, unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha. Penye udongo kama huo na wateja karibu, hapakosi wauza miche. Kando ya barabara, chini ya nyavu nyeusi, utapata waridi, bougainvillea, hibiskasi na michikichi ya mapambo, pamoja na nyasi za pemba zilizojazwa katika magunia. Aghalabu muuza miche ndiye pia fundi wa bustani. Asubuhi hubeba jembe na panga, akaenda kupendezesha nyua za Lavington, Kileleshwa na Karen. Jioni hurudi Satellite, ambako chumba chake hakina hata nafasi ya chungu kimoja cha maua.

Siku hizi kazi hiyo imepata mgeni. Mgeni mwenyewe ni akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba: programu zinazojifunza kutokana na picha na maandishi mengi mno, kisha zikajibu maswali kana kwamba ni mtu. Tangu ChatGPT ilipotolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani mnamo Novemba 2022, mambo hayo yameingia hata kwenye simu ya mpiga jembe.

Katika kazi ya bustani, mgeni huyu ana manufaa ya namna tatu. Kwanza, hutambua mimea. Ukipiga picha ya jani, programu kama Google Lens au Pl@ntNet ya watafiti wa Ufaransa hulilinganisha na picha ilizofunzwa, kisha ikakupa majina yanayoelekea kufanana nalo. Pili, huchora. Unaipa picha ya ua lenye vumbi na matofali yaliyovunjika, nayo inakurudishia bustani yenye nyasi, vijia na viti. Tatu, huandika. Fundi ambaye Kiingereza kinamchenga anaweza kueleza kazi yake kwa Kiswahili, akapata barua safi ya bei ya kumpelekea mwenye nyumba.

Hilo la tatu si jambo dogo. Fundi wengi wamenyimwa kazi si kwa kukosa ujuzi wa mikono, bali kwa kukosa karatasi yenye maneno ya kupendeza. Kampuni yenye ofisi hupewa kazi hiyo, kisha ikamwajiri fundi yuyo huyo kwa malipo ya kutwa. Ikiwa simu itampunguzia pengo hilo, nani atalalamika?

Hata hivyo, mchoro na bustani ni vitu viwili tofauti. Mteja huja na picha kwenye simu na kusema, “Mzee, nataka iwe hivi hivi.” Mzee huitazama, akatabasamu na kuuliza, “Mama, ni nzuri, lakini maji utayatoa wapi?” Nairobi imeishi na mgao wa maji tangu 2017, na programu hiyo haijui ni siku gani mfereji wako hutoa hewa badala ya maji.

Isitoshe, mengi iliyoyasoma yaliandikwa katika nchi za baridi kali. Yamkini itakuambia upande maua wakati theluji imeyeyuka, ilhali mkulima wa hapa hungoja mvua ya masika ya Machi hadi Mei, au ile ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Huenda pia ikakupendekezea thevetia, mti mdogo wenye maua ya njano yanayovutia macho, bila kuuliza kama una watoto. Mbegu za mti huo zina sumu inayodhuru moyo.

Aidha, michoro mingi hupenda mawe na kabro kutoka ukuta hadi ukuta. Waliokuwa Nairobi wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wanajua maji yasiyopata udongo wa kuyanywa huelekea wapi. Huteremka mabondeni, na mabondeni ndiko waliko maskini. Mto Motoine, kwa mfano, hutoka pande za Dagoretti ukapitia Kibera. Ua lililosakafiwa huku juu laweza kuwa tope katika nyumba ya mtu kule chini.

Je, tumfukuze mgeni? La hasha. Tazama programu ya PlantVillage Nuru, iliyoundwa na watafiti wa chuo kikuu cha Penn State nchini Marekani pamoja na wenzao. Ina Kiswahili, hufanya kazi bila intaneti, na ilianza kwa kutambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi kwenye mahindi. Imewafaa wakulima wa huku kwa sababu ilifunzwa kwa picha za mihogo ya huku, zikiwemo zilizopigwa mashambani Tanzania. Mashine hujua pale ilipofundishwa. Ambapo haikufundishwa hubahatisha, na hubahatisha kwa sauti ya mwenye uhakika.

Kumbuka kisa cha nyasi za Kikuyu. Ni nyasi za nyanda hizi za juu, na zimeotea kwenye vijia vya Riruta tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa Afrika Kusini na Australia, ambako leo ni malisho ya ng'ombe na zulia la viwanja vya michezo. Jina lilibaki, faida ikaenda kwingine. Ujuzi wa mzee wa miche waweza kufuata njia hiyo hiyo iwapo hatauandika na kuuza mwenyewe.

Mnamo Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde wa hadi 2030. Ni hatua njema, lakini mkakati haumwagilii miche. Anayejua ni mti upi hustahimili kiangazi cha Januari, na ni upi huvunja ukuta kwa mizizi, bado ni yule aliyeketi chini ya wavu mweusi.

Basi, mwanafunzi, ukipita Satellite, washa simu yako upige picha za mugumo, muringa na mutamaiyu, kisha uulize wazee matumizi yake. Nawe mwenye nyumba, leta mchoro wako, lakini kabla ya kununua hata mche mmoja, mlipe fundi aje autazame ua wako. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.